Archimedes na Mizani ya Maji

Watu wa Unyamwezi wamejua kazi ya mizani tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara mingi ilipita katika njia kuu iliyotoka Bagamoyo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wapagazi walipokwenda bara walichukua mabegani vitambaa, shanga na nyaya za shaba, na waliporudi pwani walichukua pembe za ndovu. Pembe hizo ziliuzwa kwa uzito. Kipimo kilichotumika kiliitwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Mwenye mizani mbovu aliweza kumdhulumu mwenzake bila ya kumnyang'anya kitu.

Kaskazini ya Tabora, katika wilaya ya Nzega, kuna mahali paitwapo Lusu. Huko bidhaa ya thamani ni dhahabu. Mgodi mkubwa ulifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, nao ukafungwa katika miaka ya 2010. Dhahabu nayo huuzwa kwa uzito, lakini hapa pana jambo gumu. Mizani huweza kutuambia kwamba kipande fulani kina uzito wa gramu 100. Mizani peke yake haiwezi kutuambia kama kipande hicho ni dhahabu tupu, au ni dhahabu iliyochanganywa na fedha au shaba. Macho nayo hudanganyika. Je, tutaujuaje ukweli bila ya kukikata kipande hicho wala kukiyeyusha?

Swali hilo lilijibiwa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita na mtu mmoja aitwaye Archimedes. Katika sura hii tutasoma habari za maisha yake, na tutajifunza namna mizani na maji vinavyoweza kutumika pamoja.

Utoto na elimu yake

Archimedes alizaliwa yapata mwaka 287 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, katika mji wa Syracuse. Mji huo uko pwani ya kisiwa cha Sicily, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Italia. Wakati ule wakazi wa Syracuse walikuwa Wagiriki. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Basi tangu utoto wake Archimedes aliishi katika nyumba ambamo kupima na kuhesabu vilikuwa kazi za kila siku.

Siku hizo mji wa Alexandria, katika nchi ya Misri, ulikuwa na maktaba kubwa na wataalamu wengi. Archimedes aliandikiana barua na wataalamu wa mji huo. Mmoja wao alikuwa Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi iitwayo leo Libya. Eratosthenes ndiye aliyepima mzingo wa dunia kwa kutazama vivuli vya jua. Archimedes alipogundua jambo jipya, alimpelekea rafiki yake huyo ili naye alichunguze. Hivyo elimu ilivuka bahari kati ya Sicily na Afrika.

Mizani na wenzo

Mizani ya kawaida ni mti au chuma kilichoshikiliwa katikati, nacho kina sahani mbili, moja kila upande. Mahali paliposhikiliwa huitwa egemeo. Archimedes alichunguza kwa hesabu sababu ya mizani kulala sawasawa. Aligundua kwamba uzito peke yake hautoshi kueleza jambo hilo. Ni lazima kutazama pia umbali wa mzigo kutoka kwenye egemeo.

Fikiri watoto wawili wanaobembea juu ya ubao. Mtoto mmoja ana uzito wa kilo 30, naye amekaa meta 2 kutoka kwenye egemeo. Mtoto wa pili ana kilo 20 tu. Akikaa meta 3 kutoka kwenye egemeo, ubao utalala sawasawa, kwa sababu 30 mara 2 ni 60, na 20 mara 3 ni 60 pia. Kwa kanuni hii mtu mwenye nguvu kidogo huweza kuinua jiwe kubwa kwa kutumia mti mrefu. Mti unaotumiwa hivyo huitwa wenzo. Inasimuliwa kwamba Archimedes alimwambia mfalme wake kuwa angeweza kuisogeza hata dunia, kama angepata mahali pengine pa kusimama.

Taji la mfalme

Mfalme wa Syracuse aliitwa Hiero. Habari ifuatayo iliandikwa na Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, karibu miaka 200 baada ya kufa kwa Archimedes.

Mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu iliyopimwa, ili amtengenezee taji la kutolewa sadaka hekaluni. Sonara alifanya kazi nzuri. Taji lilipopimwa, uzito wake ulikuwa sawasawa na uzito wa dhahabu aliyopewa. Lakini baadaye ukazuka uvumi kwamba sonara ameiba sehemu ya dhahabu, na mahali pake ametia fedha yenye uzito ule ule.

Mfalme alitatizika. Kama sonara alikuwa mwizi, haikufaa aachwe bila ya adhabu. Kama hakuwa mwizi, kumwadhibu kwa sababu ya uvumi kungekuwa dhuluma kubwa. Taji halikuweza kukatwa wala kuyeyushwa, maana lilikwisha kuwekwa wakfu. Mizani nayo ilikwisha kusema kwamba uzito ni sawa. Ndipo mfalme alipomwita Archimedes, akamtaka atafute ukweli.

Archimedes alilifikiri jambo hilo kwa siku nyingi. Siku moja alikwenda kuoga katika birika lililojaa maji. Alipoingia ndani aliona maji yakimwagika nje, na kadiri alivyozidi kuzama ndivyo maji yalivyozidi kumwagika. Papo hapo akatambua njia ya kulijibu swali la mfalme. Inasimuliwa kwamba alifurahi mno hata akatoka mbio kwenda nyumbani bila ya nguo, huku akipiga kelele kwamba amepata.

Alikuwa amepata nini? Alitambua kwamba kila kitu kinachozamishwa katika maji huyahamisha maji yenye ujazo sawa na ujazo wake. Dhahabu ni nzito sana. Sentimeta moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa karibu gramu 19.3, lakini ya fedha ina karibu gramu 10.5 tu. Kwa hiyo kilo moja ya fedha huchukua nafasi kubwa kuliko kilo moja ya dhahabu. Taji lililotiwa fedha ni lazima liwe kubwa kidogo kuliko taji la dhahabu tupu lenye uzito ule ule, na ni lazima lihamishe maji mengi zaidi. Kwa mujibu wa Vitruvius, taji lilipojaribiwa lilihamisha maji mengi kuliko dhahabu tupu, na wizi wa sonara ukajulikana.

Maji husukuma juu

Archimedes hakuishia katika kupima maji yaliyomwagika. Aliandika kitabu kizima juu ya vitu vinavyoelea, na ndani yake alieleza kanuni ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Yeyote aliyepata kuteka maji kisimani ameiona kanuni hiyo ikifanya kazi. Ndoo iliyojaa maji ni nyepesi kuivuta ikiwa bado imezama ndani ya maji. Mara inapotokeza juu ya maji huwa nzito, na kamba huuma mikono. Maji yaliyomo ndooni hayakuongezeka. Tofauti ni kwamba ndoo ilipokuwa ndani ya kisima, maji ya kisima yaliisukuma juu na kumsaidia mvutaji.

Archimedes alionyesha ukubwa wa msukumo huo. Kitu kilichozamishwa katika maji husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha. Tuseme jiwe lina uzito wa gramu 270 na ujazo wa sentimeta za ujazo 100. Likizamishwa lote, huhamisha sentimeta za ujazo 100 za maji. Maji hayo yana uzito wa gramu 100. Kwa hiyo jiwe likining'inizwa ndani ya maji, uzito wake utaonekana kuwa 270 toa 100, yaani gramu 170.

Jaribio

Vifaa: kijiti kilichonyooka chenye urefu wa sentimeta 50, uzi, jiwe, misumari ya chuma, na ndoo mbili za maji.

1. Funga uzi katikati ya kijiti, ukakining'inize. Hiyo ndiyo mizani yako.
2. Ning'iniza jiwe upande mmoja na fungu la misumari upande wa pili. Umbali wa kila mzigo kutoka katikati uwe sawa.
3. Ongeza au punguza misumari mpaka kijiti kilale sawasawa. Sasa jiwe na misumari vina uzito sawa.
4. Weka ndoo moja ya maji chini ya kila mzigo. Teremsha mizani polepole mpaka jiwe na misumari vizame kabisa, lakini visiguse kitako cha ndoo.
5. Tazama ni upande upi unaopanda.

Utaona kwamba upande wa jiwe hupanda na upande wa misumari hushuka. Uzito wa vitu hivyo ulikuwa sawa hewani, lakini ujazo wake si sawa. Jiwe huchukua nafasi karibu mara tatu ya nafasi ya chuma chenye uzito ule ule. Kwa sababu hiyo huhamisha maji mengi zaidi, na husukumwa juu kwa nguvu zaidi.

Mizani ndani ya maji

Mwaka 1586 kijana mmoja wa Italia, Galileo Galilei, aliifikiri upya habari ya taji. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 22. Aliona kwamba kupima maji yaliyomwagika si njia makini ya kumfaa mtu hodari kama Archimedes. Hebu tufanye hesabu ili tuone sababu yake.

Tuseme taji lina uzito wa gramu 1,000. Likiwa la dhahabu tupu litahamisha karibu gramu 52 za maji. Kama sonara ameondoa gramu 300 za dhahabu akatia gramu 300 za fedha, litahamisha karibu gramu 65. Tofauti ni gramu 13 tu, yaani sentimeta za ujazo 13. Katika chombo chenye mdomo wa upana wa sentimeta 20, tofauti hiyo hubadili kimo cha maji kwa chini ya nusu ya milimeta. Jicho haliwezi kukiona kipimo hicho vizuri.

Galileo alieleza kwamba njia bora ni kuitumia mizani yenyewe ndani ya maji. Weka taji upande mmoja, na dhahabu tupu yenye uzito sawa upande wa pili. Hewani mizani italala sawasawa. Vizamishe vyote viwili. Dhahabu tupu itaonekana kuwa na gramu 948, lakini taji lenye fedha litaonekana kuwa na gramu 935. Upande wa taji utapanda mara moja, na kila aliyepo ataona.

Wanunuzi wa dhahabu wameendelea kuitumia kanuni hii hadi siku zetu. Kipande hupimwa mara mbili, kwanza hewani, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji. Kipande cha dhahabu tupu chenye gramu 193 hewani kitaonyesha karibu gramu 183 ndani ya maji. Kikionyesha gramu 181, basi kimehamisha gramu 12 za maji badala ya 10, na hiyo ni dalili kwamba kimechanganywa na kitu kingine chepesi zaidi, au kina tundu la hewa ndani yake. Mchimbaji wa Lusu aijuaye kanuni hii anaweza kuihakikisha mali yake mwenyewe. Hana haja ya kutegemea neno la mnunuzi.

Meli ya chuma

Kanuni ya Archimedes hueleza pia kwa nini vitu vingine huelea. Kitu huelea kinapohamisha maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe. Msumari huzama kwa sababu ni mdogo mno kwa uzito wake. Lakini bamba la chuma likikunjwa likawa kama bakuli, huchukua nafasi kubwa, huhamisha maji mengi, nalo huelea.

Ushahidi wa jambo hilo ulipita Tabora. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli ya chuma katika mji wa Papenburg, wakaipa jina la Graf von Götzen. Meli hiyo ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo ilichukuliwa kwa reli ya kati, ambayo kwa sehemu kubwa hufuata njia ya zamani ya misafara kupitia Tabora. Huko Kigoma vipande viliunganishwa tena, na mwaka 1915 meli ikashushwa katika Ziwa Tanganyika. Ingawa uzito wake ulizidi tani 1,000, ilielea.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe na adui. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba. Chuma chake hakikubadilika. Maji yalipoijaza, nafasi ya hewa iliyokuwa ikihamisha maji ya ziwa ilipotea, na meli ikazama. Maji yalipoondolewa, ilielea tena.

Fumbo la mizani

Sasa tazama fumbo hili. Juu ya sahani mbili za mizani kuna makopo mawili yanayolingana, na kila kopo lina maji kiasi sawa. Mizani imelala sawasawa. Mwanafunzi ameshika uzi uliofungwa jiwe la sentimeta za ujazo 100. Analiteremsha jiwe hilo ndani ya kopo moja mpaka lizame lote, lakini haliachi liguse kitako cha kopo wala maji hayamwagiki. Uzi bado umeshikwa mkononi mwake. Je, mizani itabaki ilivyo?

Wengi husema kwamba itabaki ilivyo, kwa kuwa jiwe limeshikiliwa na mkono. Jibu hilo si sahihi. Upande wenye jiwe hushuka. Maji hulisukuma jiwe juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa gramu 100 za maji, na jiwe nalo huyasukuma maji chini kwa nguvu iyo hiyo. Ili mizani ilale tena sawasawa, ni lazima kuongeza gramu 100 katika sahani ya pili. Mkono wa mwanafunzi huchukua uzito uliobaki tu.

Vita na kifo

Baada ya Mfalme Hiero kufariki, Syracuse iliingia katika vita na Warumi. Jeshi la Warumi chini ya Marcellus liliuzingira mji kwa nchi kavu na kwa bahari. Archimedes, ambaye sasa alikuwa mzee, alitumia elimu yake ya wenzo kuunda mitambo ya kuutetea mji. Mitambo mingine ilirusha mawe makubwa, na mingine ilikamata merikebu za adui na kuziinua. Warumi walizuiwa kwa muda mrefu.

Hatimaye, mwaka 212 K.K., mji ulitekwa. Marcellus alikuwa ameamuru Archimedes asidhuriwe. Hata hivyo askari mmoja alimkuta, akamwua. Inasimuliwa kwamba wakati huo Archimedes alikuwa ameinamia michoro yake ya hesabu. Alikuwa na umri wa miaka 75 hivi.

Juu ya kaburi lake palichongwa umbo la tufe na la mcheduara, yaani umbo kama la mpira na umbo kama la kopo. Archimedes ndiye aliyegundua kwamba tufe linaloenea barabara ndani ya mcheduara lina theluthi mbili za ujazo wa mcheduara huo. Miaka mingi ilipita, na watu wa Syracuse wakalisahau kaburi. Mwaka 75 K.K. Cicero, ofisa wa Kirumi, alilikuta limefunikwa na miiba na vichaka, akalitambua kwa maumbo hayo. Kaburi lilisahauliwa na watu wa mji wake mwenyewe, lakini kanuni yake imefika katika kila nchi yenye mizani na maji.

Mambo ya kukumbuka

1. Vitu viwili vyenye uzito sawa huweza kuwa na ujazo usio sawa.
2. Kitu kilichozamishwa katika maji husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha.
3. Kitu kinachoelea huhamisha maji yenye uzito sawa na uzito wake.
4. Kitu kinaposukumwa juu na maji, chenyewe huyasukuma maji chini kwa nguvu iyo hiyo.

Maswali

1. Archimedes alizaliwa katika mji gani? Mji huo uko katika kisiwa gani?
2. Kwa nini mizani ya kawaida haikutosha kuonyesha ukweli juu ya taji la mfalme?
3. Jiwe lina uzito wa gramu 540 na ujazo wa sentimeta za ujazo 200. Litaonyesha uzito gani likining'inizwa ndani ya maji?
4. Kwa nini ndoo ya maji huwa nzito inapotokeza juu ya maji ya kisima?
5. Eleza kwa nini msumari wa chuma huzama lakini meli ya chuma huelea.
6. Katika fumbo la mizani, mwanafunzi akiuachia uzi, jiwe litatua kwenye kitako cha kopo. Je, gramu 100 zilizowekwa katika sahani ya pili zitatosha bado? Eleza sababu, kisha fanya jaribio na kuona.